Kolwezi: Upasuaji wa matundu madogo utamfaa mama akipewa pia siku za kupumzika

Mama anayeosha madini Kolwezi hushinda ndani ya maji tangu asubuhi. Huinama, huchekecha mawe, hujaza mfuko, kisha huuinua na kuubeba. Mwezi wa kwanza mwaka wa 2016, shirika la Amnesty International pamoja na lile la Kongo, AFREWATCH, walieleza kazi hiyo katika ripoti yao juu ya kobalti, wakitaja watu wanaoosha na kuchagua mawe kandokando ya ziwa Malo, upande wa Kapata. Dunia ilishtushwa zaidi na habari za watoto na mashimo yanayoporomoka. Mama aliyejifungua juzi na leo amerudi kuinua mfuko hakupewa nafasi kubwa katika mazungumzo hayo.

Mama huyo ndiye anayeweza kujikuta siku moja na uzito ambao hauelewi. Anahisi kitu kinashuka chini, kama yai linalotaka kutoka. Asubuhi kinarudi ndani, jioni baada ya kazi kinatokeza tena. Mkojo unamponyoka akikohoa au akicheka. Kukaa kitako kunamuuma. Tendo la ndoa linakuwa mateso, na mume anaanza kuuliza maswali. Wafaransa huita ugonjwa huo prolapsusi, na mitaani akina mama husema tu kwamba kizazi kimeshuka.

Ugonjwa huu una dawa, na una upasuaji. Kuna hata upasuaji wa kisasa unaofanywa kwa matundu madogo na kamera, bila kupasua tumbo. Wanaotaka Lualaba iwe na huduma hiyo wana haki. Lakini jimbo likinunua mashine peke yake, na kumwacha mama arudi kwenye mfuko wiki inayofuata, litakuwa limelipa dola nyingi kwa kazi itakayobomoka upesi. Matibabu ya kizazi kilichoshuka huanza kabla ya chumba cha upasuaji na huisha wiki nyingi baada yake. Hesabu ya pesa inapaswa kufuata njia hiyo yote.

Ni vizuri kwanza kuelewa kinachotokea mwilini. Chini ya tumbo la mwanamke, ndani ya nyonga, kuna misuli na kano zinazobeba viungo vitatu: kibofu cha mkojo mbele, kizazi katikati, na mwisho wa utumbo nyuma. Misuli hiyo ikichanika au ikilegea, kiungo kimoja au zaidi hushuka ndani ya uke, na katika hatua za mwisho hutokeza nje kabisa. Kuzaa ndicho chanzo kikubwa, hasa kuzaa mara nyingi, kukaa na uchungu kwa muda mrefu, au kuzaa mtoto mkubwa. Umri unaongeza hatari, hasa baada ya hedhi kukoma. Kisha kuna mambo yanayosukuma tumbo kwenda chini kila siku: kubeba mizigo mizito, kikohozi kisichopona, na choo kigumu cha muda mrefu.

Mtu akisoma orodha hiyo akiwa Kolwezi, hahitaji kuambiwa inamhusu nani. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2013-2014 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kongo alizaa kwa wastani watoto 6.6. Ongeza mabidoni ya maji, magunia ya makala, mahindi ya kupeleka kinuni na mifuko ya madini. Ongeza pia vumbi la barabara ambako malori ya migodi yanapita usiku na mchana, na kikohozi kinachofuata. Mama anaweza kuwa na sababu nne au tano mwilini mwake kwa wakati mmoja.

Na bado wengi hawaendi hospitali. Wanafikiri ni aibu yao, au laana, au adhabu ya jambo fulani. Wengine wanaambiwa na mashemeji kwamba wamelogwa au kwamba walikwenda na wanaume wengine. Wapo wanaotia majani na unga wa miti ndani ya uke ili kitu kirudi juu, na wanajiunguza vibaya. Ukweli ni rahisi kusema na unastahili kusemwa redioni, kanisani na msikitini: kizazi hushuka kwa sababu kilichokibeba kimechoka. Hakishuki kwa sababu ya uzinzi. Si kansa, ingawa mama anayetokwa damu au mwenye kidonda lazima apimwe kansa pia. Wala si fistula, ambayo ni tundu kati ya uke na kibofu au utumbo, na ambayo hutibiwa kwa njia nyingine.

Lualaba ilikuwa na historia tofauti ya kutunza watu wake. Wakati wa Union Minière, na baadaye Gécamines, mfanyakazi wa mgodi alikuwa na hospitali ya kampuni, na mke wake na watoto walitibiwa kwa jina lake. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, kwani ulimfanya mwanamke atambulike kupitia kazi ya mume tu. Hata hivyo, ulikuwepo. Katika miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Familia nyingi zilibaki bila mshahara na bila matibabu ya kampuni. Wengi wa watoto wao ndio makreuzeri wa leo, na wengi wa mabinti wao ndio wanaoosha mawe. Wanalisha soko la kobalti la dunia nzima, lakini hawana kampuni inayowatambua kama wafanyakazi wake.

Hapo ndipo swali la upasuaji linapoingia. Mama wa namna hiyo akifika hospitali, anahitaji kupewa nini?

Jibu la kwanza halina kisu. Kizazi kilichoshuka kidogo kinaweza kutulizwa kwa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, ile ambayo mtu huikaza anapozuia mkojo. Mazoezi hayo hayana gharama, lakini lazima muuguzi aonyeshe namna ya kuyafanya, kwa sababu wengi hukaza tumbo au matako bila kujua. Jibu la pili ni pesari, pete laini ya silikoni inayowekwa ndani ya uke ili kushikilia viungo visishuke. Mkunga aliyefundishwa anaweza kuchagua kipimo chake na kuiweka. Huoshwa, hurudishwa, na mama huendelea na maisha. Inawafaa hasa wanaotaka kuzaa tena, wanaosubiri upasuaji, na wazee ambao mioyo yao haiwezi kustahimili usingizi wa dawa. Kama pesari haipatikani katika hospitali kuu za maeneo ya afya ya Lualaba, hakuna sababu ya kuanza na kamera ya maelfu ya dola.

Jibu la tatu ni upasuaji kupitia uke. Watu wengi wakisikia upasuaji mdogo wanafikiria kamera tu. Lakini daktari anayefanya kazi kupitia uke hapasui tumbo kabisa. Anaweza kuondoa kizazi au kukiacha, akashona kuta zilizolegea, na kufunga sehemu ya juu ya uke kwenye kano imara za ndani ya nyonga. Mara nyingi ganzi ya mgongoni inatosha, na mama anabaki macho. Hakuna gesi, hakuna skrini, hakuna kifaa kinachosubiri fundi kutoka nchi nyingine. Ni ujuzi wa mikono, na mikono inaweza kufundishwa.

Jibu la nne ndilo linalosifiwa zaidi siku hizi, upasuaji wa kamera ambao madaktari wa kwetu huuita selioskopi. Tumbo hujazwa gesi ya kabonidioksidi, kisha vyombo vyembamba huingizwa kupitia matundu machache yenye upana wa milimita 5 hadi 12. Daktari anatazama skrini na kuvuta viungo kurudi juu, akivifunga kwa utepe wa wavu kwenye mfupa wa chini ya mgongo. Kwa wanawake ambao sehemu ya juu ya uke imeshuka, njia hiyo hushikilia vizuri na kwa muda mrefu. Maumivu ni kidogo kuliko ya tumbo lililopasuliwa, damu inayomwagika ni kidogo, na mama anaweza kurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili.

Wapo wanaosema hayo ni mambo ya Ulaya. Kongo yenyewe inawajibu. Katika hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka wa 1999, Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2018, alifanya kazi pamoja na Guy-Bernard Cadière, daktari wa upasuaji kutoka Ubelgiji. Walileta pamoja ujuzi wa aina mbili: upasuaji kupitia uke, ambao Mukwege ameufanya kwa miaka mingi, na upasuaji wa kamera, ambao Cadière ni bingwa wake. Mwaka wa 2014 wawili hao walichapisha kitabu kiitwacho Panzi kuhusu kazi hiyo. Kwa hiyo Mkongomani anaweza kuifanya, na mgonjwa Mkongomani anaweza kuipata ndani ya nchi yake, katika mji uliozungukwa na vita.

Lakini Panzi pia inaonyesha hatari ya kuweka matumaini ya nchi nzima katika hospitali moja. Mama wa Fungurume au Kapata hawezi kupanda basi kwenda Bukavu. Na mwezi wa pili mwaka wa 2025 Bukavu ilianguka mikononi mwa M23. Kinachoweza kusafiri kwa urahisi zaidi kuliko mgonjwa ni ujuzi. Timu ya Kolwezi, yaani daktari wa upasuaji, daktari wa usingizi, muuguzi wa chumba cha upasuaji na mkunga, inaweza kupelekwa kujifunza kwa miezi kadhaa pale ambapo wagonjwa ni wengi, kisha ikarudi. Lubumbashi, yenye chuo kikuu na hospitali zake kubwa, iko umbali wa kilomita 300 hivi kwa barabara ya lami. Mafunzo ya miezi yana faida kuliko ziara ya wiki moja ya wageni wanaopasua watu thelathini, wanapiga picha, na kuondoka kabla nyuzi hazijakauka.

Tahadhari moja haipaswi kufichwa. Utepe wa wavu unaotumika katika upasuaji huu umeleta kilio katika nchi tajiri. Mwezi wa saba mwaka wa 2018 Uingereza ilisimamisha matumizi ya nyavu zinazowekwa kupitia uke kwa ajili ya kizazi kilichoshuka. Mwezi wa nne mwaka wa 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru watengenezaji waache kuziuza. Wanawake wengi walikuwa wamepata maumivu yasiyokwisha, na nyavu zilikuwa zimekata nyama na kutokeza. Amri ya Marekani haikuhusu utepe unaowekwa kupitia tumboni kwa kamera, ambao madhara yake ni machache zaidi. Hata hivyo, fundisho ni lilelile: mama aambiwe kwa lugha anayoielewa ni kitu gani kitabaki mwilini mwake, na awe na mahali pa kurudi kikimsumbua baada ya miaka miwili au mitano. Na nyavu ambazo nchi nyingine zimezikataa zisije zikauzwa kwa bei nafuu katika hospitali za Kongo.

Wapinzani wa wazo hili wana hoja ya maana. Wanasema malaria inaua watoto, akina mama wanakufa wakijifungua, na kizazi kilichoshuka hakiui. Kwa nini jimbo litumie pesa huko? Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama ugonjwa huu ungemwacha mama aendelee kufanya kazi. Haumwachi. Mama asiyeweza kusimama wala kubeba hawezi kulima, hawezi kuuza sokoni, na mara nyingi anaachwa na mume akiwa na watoto mikononi. Binti mkubwa anatolewa shuleni ili abebe maji mahali pa mama yake, na mzigo unahamia kwenye mgongo mwingine.

Kisha kuna swali la pesa, na hapo Lualaba haiwezi kulia umaskini kama majimbo mengine. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 mwezi wa tatu mwaka wa 2018 inagawa kodi ya mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya eneo ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sheria hiyohiyo inalazimisha kila kampuni inayochimba kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Hesabu ni nyepesi. Kampuni inayouza madini ya dola bilioni moja kwa mwaka inadaiwa dola milioni 3 za maendeleo ya jamii. Katika ukanda huu wa shaba iko migodi inayohesabiwa miongoni mwa mikubwa ya dunia.

Pesa hizo mara nyingi huonekana katika majengo, kwa sababu jengo hufunguliwa kwa utepe na hotuba. Vyumba vipya vya kituo cha afya ni vizuri. Lakini ndani ya vyumba hivyo akiwa hakuna mkunga anayejua kuuliza, "Mama, kuna kitu kinachoshuka?", mgonjwa atakuja kwa homa na kurudi nyumbani na siri yake. Kamati zinazosimamia asilimia 0.3 zingeweza kuamua mambo manne bila kungoja Kinshasa: kuwafundisha wakunga kupima kila mama anayekuja baada ya kuzaa, kununua pesari za vipimo vyote, kulipia masomo ya timu moja ya upasuaji kupitia uke na kisha wa kamera, na kulipia mapumziko.

Jambo hili la nne ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloamua kama matatu ya kwanza yatadumu. Baada ya upasuaji wa kizazi kilichoshuka, mama huambiwa asiinue kitu kizito kwa muda wa wiki 6 hivi. Karatasi ya hospitali huandika hivyo kwa mwandishi wa ofisini na kwa muosha mawe sawasawa. Wa kwanza ana likizo ya ugonjwa. Wa pili hula kile alichouza jana. Kumwambia apumzike bila kumpa chakula cha wiki 6 ni kumwomba achague kati ya nyuzi zake na watoto wake, na kila mtu anajua atachagua nini. Matundu madogo yana hatari yake hapo: kidonda cha nje kinapona upesi, mama anajisikia mzima, majirani wanamwona mzima, na ndani bado hapajashika.

Mpango wa serikali wa kujifungua bure, uliozinduliwa Kinshasa mwezi wa tisa mwaka wa 2023, umejengwa juu ya mimba, uzazi na mtoto mchanga. Ni hatua kubwa. Lakini kizazi hushuka mara nyingi miaka mingi baada ya uzazi wa mwisho, wakati hakuna anayemhesabu mama huyo tena. Vilevile, kanuni za uchimbaji wa kienyeji zinakataza mwanamke mwenye mimba kufanya kazi mgodini. Mwili wake unahitaji ulinzi huohuo wiki za kwanza baada ya kuzaa, na vyama vya ushirika vya wachimbaji vingeweza kuandika hilo katika taratibu zao: mama aliyejifungua apewe kazi ya kuchagua mawe akiwa amekaa, na vijana wabebe mifuko.

Nchi nyingine maskini imepita njia hii. Nepal, ambako wanawake hubeba mizigo mizito milimani hata wakiwa wajawazito, iliona ugonjwa huu umeenea vijijini. Mwezi wa sita mwaka wa 2008 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba afya ya uzazi ni haki, na ikaiagiza serikali kutoa huduma kwa wanawake wenye kizazi kilichoshuka. Serikali ilianzisha upasuaji wa bure, na wanawake wengi walipasuliwa. Lakini mwaka wa 2014 Amnesty International ilikosoa kwamba nguvu zilikuwa zimewekwa katika kupasua, huku mambo yanayosababisha ugonjwa yakiachwa kama yalivyo: ndoa za mapema, uzazi wa mfululizo, na mizigo mizito wakati wa mimba na baada ya kuzaa. Lualaba inaweza kujifunza kutoka kwa kosa hilo kabla ya kulirudia.

Gavana, wabunge wa jimbo, makampuni na vyama vya wachimbaji wana la kufanya mwaka huu, bila kungoja roboti wala hospitali mpya. Siku timu ya Kolwezi itakapomtoa mama wa kwanza chumbani akiwa na matundu madogo tumboni, swali la kumuuliza mkurugenzi wa hospitali lisiwe bei ya mashine. Aulizwe mama huyo anakula nini wiki hii, nani anamchotea maji, na lini atarudi kupimwa. Na mwaka ukiisha, aulizwe ni wangapi kati ya waliopasuliwa bado wako salama.